Mfadhili anataka kubadilisha mwisho wa filamu yangu. Nikubali?

"Shikamoo mwalimu. Nina skripti ya filamu ya dakika 90 niliyoiandika mwenyewe. Ni habari ya binti wa fundi cherehani wa Tanga aliyefukuzwa nyumbani kwa kupata ujauzito, akarudi baada ya miaka kumi baba yake akiwa mgonjwa. Mwishoni binti anafika mlangoni, baba yumo ndani anashona, na mlango haufunguliwi. Nina akiba ya shilingi milioni 3 na rafiki mwenye kamera. Mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, rafiki wa marehemu baba yangu, yuko tayari kutoa milioni 12. Anataka asilimia 50, mpwa wake awe mhusika mkuu, duka lake lionekane, na mwisho ubadilishwe: mlango ufunguliwe, wapatane, filamu iishe na harusi. Anasema watu hawanunui huzuni. Kuna wimbo wa zamani wa taarabu unaosikika redioni kwenye sini tatu, huo hakuugusa. Rafiki yangu mmoja anasema kisheria mwongozaji ndiye mwenye kauli ya mwisho, kwa hiyo nichukue hela nifanye ninavyotaka. Mwingine anasema mwenye hela ndiye mwenye filamu. Hatujaandikiana chochote. Nikikataa naogopa nitakuwa nimeiua filamu. Nikikubali naogopa haitakuwa yangu. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza kwa wakati mzuri. Hela bado iko kwa mzee, skripti iko kwako, na hakuna aliyemkosea mwenzake. Wengi huniandikia hela ikiwa imeshaliwa na picha ziko kwenye kompyuta ya mtu asiyepokea simu. Wewe unaogopa filamu kufa, na unaogopa filamu kutokuwa yako, na hofu hizo mbili umezifunga kamba moja hadi unaona ukikwepa hii lazima uangukie ile. Zinafunguka. Mzee amekuomba mambo manne, kila moja lina uzito wake, na moja kati ya hayo ni zito kuliko hilo la mwisho lililokukosesha usingizi.

Kwanza niwarekebishe rafiki zako, maana wote wawili wamekosea, na wa kwanza amekosea kwa hatari zaidi.

Skripti ni yako, hilo halina mjadala. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi inalindwa tangu ilipoandikwa, hata kabla hujaisajili. Ukiisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, unapata ushahidi mzuri siku mtu akidai aliiandika yeye, na nakushauri uisajili wiki hii. Lakini skripti ni kitu kimoja na filamu ni kitu kingine. Hakuna sheria, Tanzania wala Kenya, inayompa mwongozaji kauli ya mwisho kwenye uhariri kwa sababu tu yeye ndiye aliyesema "action". Kenya, sheria yao ya mwaka 2001 inamhesabu kuwa mtunzi wa filamu yule aliyefanya mipango ya kuitengeneza, yaani kwa kawaida prodyuza. Kweli sheria yetu inakupa haki ya kutajwa kwenye kazi yako na haki ya kupinga isipotoshwe kwa namna inayokuvunjia heshima. Ni haki nzuri, lakini hutumika baada ya kuumizwa, mahakamani, kwa gharama. Haitakusaidia usiku mhariri anapopigiwa simu na aliyemlipa.

Na hilo la kuchukua hela kisha ufanye unavyotaka, usilifanye. Huyo ni rafiki wa marehemu baba yako, na ukimdanganya utakuwa umejifungia mlango kwa mzee huyo na kwa kila mfanyabiashara anayekaa naye barazani. Zaidi ya hapo, mtu aliyedanganywa ana njia rahisi ya kujibu: anakwenda kwa mhariri, anachukua diski, na filamu inabaki kabatini dukani kwake kati ya makopo ya rangi.

Rafiki wa pili naye amerukia jibu. Mtu akitoa hela kwenye filamu anaweza kuwa amekukopesha, au ameingia ubia wa faida, au amenunua haki, au amekupa tu kwa mapenzi. Ni mambo manne tofauti kabisa, na kwa kuwa hamjaandikiana, hata yeye mwenyewe hajui ni lipi kati ya hayo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa tuje kwenye asilimia 50. Swali la kumuuliza mzee, kwa adabu zote, ni: asilimia 50 ya nini? Kwa uzoefu wangu na wafanyabiashara, tisa kati ya kumi wanamaanisha faida, kwa sababu ndivyo wanavyohesabu ubia wa duka. Tufanye hesabu. Milioni zake 12 na zako 3 ni milioni 15. Tuseme filamu imeuzwa milioni 20, na kuitangaza na kuipeleka sokoni kumekula milioni 1. Zimebaki 19. Mnarudisha mtaji kwanza, yeye 12 na wewe 3. Zinabaki 4, mnagawana mbili mbili. Yeye ameondoka na 14, wewe 5. Tuseme basi soko limekuwa baya, imepatikana milioni 10. Toa milioni 1 ya kuuza, zimebaki 9. Mkirudisha kwa uwiano wa mtaji, yeye anapata milioni 7 na laki 2, wewe milioni 1 na laki 8. Kama mmekubaliana yeye arudishiwe kwanza, zote 9 ni zake na wewe huna kitu. Jambo hilo la nani arudishiwe kwanza ni zito kuliko asilimia yenyewe, lakini watu hulisahau wakabaki kubishania 50 au 40. Mimi ningempa arudishiwe kwanza. Ni hela yake ya dukani, na ukimpa hilo una haki ya kuomba mengine.

Angalia lakini kwamba katika hesabu yote hiyo hakuna mahali tulipougusa mlango wa fundi cherehani. Unaweza kumpa mtu nusu ya faida usimpe hata neno moja la skripti.

Nusu ya umiliki ni habari nyingine. Mkiwa wenye hakimiliki wawili nusu kwa nusu, kila mauzo yanataka sahihi mbili: televisheni ikitaka kuinunua, tamasha likitaka kuionesha, mtu wa Mombasa akitaka kuitumia. Na akifariki, Mungu amjalie umri mrefu, utakuwa unaijadili filamu yako na warithi ambao hujawahi kukaa nao. Umiliki bakia nao. Kama analazimisha awe na sehemu, iandikwe kwamba wewe ndiye mwenye mamlaka ya kusaini mauzo kwa niaba ya wote, na yeye ana haki ya kuona kila mkataba na kupata hesabu kila baada ya miezi mitatu. Wafanyabiashara wanaopewa hesabu bila kuomba hutulia.

Baada ya faida na umiliki, cha tatu ni kauli kwenye kazi. Hapa soma mkataba neno kwa neno. Ikiandikwa kwamba mfadhili "atashauriwa" kuhusu wahusika na uhariri, unatakiwa umsikilize na kumjibu, kisha unaamua. Ikiandikwa "kwa ridhaa ya mfadhili", bila yeye kukubali husogei. Maneno hayo yanakaa mstari mmoja na watu husaini bila kuona tofauti. Mpe kushauriwa, kwa moyo mweupe kabisa: aione toleo la kwanza la uhariri, atoe maoni yake, umjibu kwa maandishi ndani ya wiki.

Nikupe kisa kimoja cha kweli, kwa sababu kinafanana na chako kuliko unavyodhani. Mwaka 1967 vijana wa Pittsburgh, Marekani, mwongozaji wao akiwa George Romero, walianza filamu ya kutisha kwa mchango wa watu 10, dola 600 kila mmoja. Mpaka inakamilika ilikula kama dola 114,000, kiasi kidogo kwa soko la kwao. Mwishoni shujaa wao, aliyechezwa na Duane Jones, mwigizaji mweusi, ananusurika usiku kucha na wafu wanaotembea, halafu asubuhi anapigwa risasi na wanamgambo waliokuja kuokoa watu. Kampuni moja ya usambazaji, American International Pictures, ilikuwa tayari kuichukua wakibadilisha mwisho huo uwe wa furaha. Walikataa. Hawakuwa na tajiri mmoja wa kuwalazimisha. Mwisho huo ndio sababu mojawapo kubwa filamu hiyo, Night of the Living Dead, bado inazungumzwa leo.

Lakini sikiliza upande wa pili. Msambazaji waliyempata baadaye alibadilisha jina la filamu. Tangazo la hakimiliki, yaani maandishi ya kusema nani mwenye filamu, lilikuwa limeandikwa pamoja na jina la zamani, na jina jipya lilipowekwa, tangazo halikurudishwa. Sheria ya Marekani ya wakati ule ilitaka tangazo hilo lionekane kwenye nakala. Filamu ikawa mali ya umma, kila mtu akaitoa nakala na kuiuza, na waliotoka jasho wakaambulia kidogo sana kulinganisha na walichoingizia wengine. Kwetu leo hakimiliki haitegemei tangazo, kwa kuwa Tanzania na Kenya zote zimo kwenye Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa kulinda hakimiliki. Ninachotaka ukione ni hiki: waliulinda mwisho kwa nguvu zao zote, na kilichowatoka kilitokea baada ya uhariri, kwenye mkono wa mtu aliyeishika nakala ya mwisho.

Hata hapa kwetu tumeyaona. Enzi za DVD, filamu nyingi za Kiswahili zilitoka sehemu ya kwanza na ya pili, kwa sababu diski mbili ziliuzwa mara mbili. Hadithi ya dakika 80 ikavutwa ifike saa mbili na nusu: gari linaondoka, gari linafika, mtu anapanda ngazi zote. Mwongozaji alikuwa amemaliza kazi yake vizuri, ila masta, yaani nakala mama ya filamu, ilikwenda kwa msambazaji pamoja na haki zote kwa malipo ya mara moja, na jalada, jina na mkato wa mwisho, yaani toleo la mwisho la uhariri, vikaamuliwa huko. Kwa hiyo kwenye karatasi yako na mzee, na kwa yeyote atakayekuja baadaye, iandikwe kwamba jina, urefu na mpangilio wa filamu havibadilishwi bila sahihi yako. Na diski za picha ziwe nakala mbili, moja kwako, moja mahali pengine unapopaamini. Nakala zitengenezwe kila jioni kabla kamera haijarudi begini. Rafiki yako mwenye kamera naye andikiana naye, hata karatasi moja: anakusaidia kwa malipo gani, na kwamba picha ni mali ya filamu. Urafiki haupungui kwa kuandikiana. Unaopungua ni ule ambao haukuandikwa, hela ilipoanza kuingia.

Sasa tuseme karatasi zote ziko sawa. Bado unaweza kuupoteza mwisho wako, na hapa ndipo filamu za bajeti ndogo hupotelea hasa. Saa kumi na moja jioni, jua linazama, jenereta imebakiza lita mbili, majirani wamechoka kunyamazishwa. Mwongozaji alitaka shoti nne za sini ya mwisho, amepata moja na nusu. Kesho nyumba haipatikani. Hapo hakuna mfadhili aliyekuingilia, ni ratiba tu imekuamulia, na chumba cha uhariri kitafanya kile kinachowezekana kwa kilichopo. Kauli ya mwisho ya mwongozaji wa bajeti ndogo inaamuliwa asubuhi anapopanga nini kipigwe kwanza. Sini ya mlango usiiweke siku ya mwisho. Iweke siku ya tatu au ya nne, waigizaji wameshazoeana na kikosi bado kina nguvu, na uipe siku nzima peke yake.

Fikiria namna ya kuipiga. Kamera nyuma ya bega la binti, mlango mbele yake, rangi ya buluu imebanduka karibu na komeo. Ndani cherehani inakwenda. Binti anabisha hodi. Cherehani inanyamaza. Tunasubiri naye, muda mrefu kuliko tunavyostahimili. Kisha cherehani inaanza tena. Ukiipiga hivyo, kwa shoti moja ndefu, hakuna pa kukata. John Ford wa Hollywood alijulikana kwa kupiga zile tu alizozihitaji, ili wenye studio wasipate cha kuungaunga vingine. Mzee anaweza kukwambia, kwa nia njema, "Pigeni zote mbili, mlango ukifunguka na usipofunguka, tutachagua baadaye." Usikubali. Picha ya mlango unaofunguka ikishakuwepo kwenye diski, siku moja itatumika. Sini nyingine zote lakini zipige kwa usalama, pembe mbili tatu, kwa sababu Ford alikuwa na filamu nyingi nyuma yake na wewe hii ndiyo ya kwanza. Ukibana kila mahali utakuwa umemfunga mhariri mikono kwenye sini zinazohitaji kuokolewa.

Umeona nilivyoiweka cherehani inyamaze na kuanza tena. Hilo nimelitoa kwenye maneno ya mzee wako. Aliposema watu hawanunui huzuni, mimi sikusikia mtu asiyejua sanaa. Nilimsikia mtazamaji wa kwanza wa filamu yako akisema kwamba amekaa dakika 90 na hakupewa kitu. Katika ulivyonieleza, mlango haufunguliwi tu, hatujui kama baba amesikia, hatujui kama anajua ni nani yuko nje. Hapo mzee ana haki ya kulalamika. Dawa yake, harusi, siikubali, kwa sababu inafuta miaka kumi ya yule binti kwa siku moja ya pilau. Lakini ugonjwa alioutaja upo. Cherehani ikinyamaza, tunajua baba amesikia. Ikianza tena, tunajua ameamua. Au mguu wake usirudi kwenye pedeli haraka. Wewe ndiye mwandishi, utapata lako. Kabla hujarudi kwake, isome skripti yote kwa sauti mbele ya watu watano sita wasiokuonea haya, akiwemo mama mtu mzima mmoja, na uwatazame nyuso kwenye kurasa tatu za mwisho. Watu wanaolinda kazi yao kwa kuziba masikio huishia kulinda makosa yao pia.

Nilikwambia kuna jambo zito kuliko mwisho. Ni huyo mpwa. Mwisho ni sini moja, unaweza kuulinda kwa karatasi na kwa namna unavyoupiga. Mhusika mkuu yumo karibu kila picha kwa dakika 90, na akishindwa hakuna uhariri utakaomficha. Pia ukishaanza, huwezi kumtoa bila kugombana na ukoo mzima, na yeye akijua hivyo, siku ya tano atakuja saa nne badala ya saa moja. Haya yatakuumiza kuliko harusi ya mwishoni. Wakati huohuo usimkatae binti wa watu kabla hujamwona. Mwambie mzee utafanya usaili wa wazi, mpwa wake aje kama wengine, na umwombe mzee asiwepo chumbani. Mpe sini mbili, moja ya maneno mengi na moja asiyosema chochote: anasimama nje ya mlango tu. Hiyo ya pili itakuambia yote. Akiwa mzuri, umepata mhusika na umemfurahisha mzee. Akiwa wa wastani, mpe nafasi ya mdogo wake binti au ya jirani, ambazo zina sini chache na zinaweza kupigwa kwa siku mbili. Akiwa hawezi kabisa na mzee akasema bila yeye hela haitoki, basi hapo nakushauri uiache hela. Nalisema hili nikijua milioni 12 ni nyingi.

Duka mpe bila kusita. Una fundi cherehani anayeishi mtaani. Mtu kwenda duka la vifaa kununua bawaba ya mlango ni sini ya kawaida kabisa, na kwa hadithi yako, baba anayenunua komeo jipya ni sini ninayoitamani kuiona. Umepata lokesheni ya bure yenye mali kwenye rafu. Kikomo kiwe kimoja: hakuna mhusika atakayesifia bei.

Kuhusu wimbo wa taarabu, mzee hakuugusa lakini mimi nitaugusa, kwa sababu unaweza kukunyima filamu baada ya kila kitu kwenda vizuri. Charles Burnett alipiga Killer of Sheep mtaa wa Watts, Los Angeles, kwa chini ya dola 10,000, ikiwa kazi yake ya chuo, na alikuwa na uhuru wote mwongozaji anaoweza kuota. Ikakamilika miaka ya 1970, ikasifiwa kwenye matamasha, lakini ilijaa nyimbo ambazo haki zake hazikuwa zimelipiwa, na haikuingia kwenye majumba ya sinema kibiashara hadi mwaka 2007, baada ya haki hizo kugharimu dola 150,000. Wimbo wako una haki mbili ndani yake, ya aliyetunga na ya waliorekodi, na kwa nyimbo za zamani mara nyingi unatafuta warithi wa mmoja na kikundi au redio kwa mwingine. Kuusikia redioni ndani ya sini hakubadilishi kitu. Tanga haina upungufu wa wanamuziki wa taarabu. Agiza utungwe wimbo mpya wa dakika mbili kwa mtindo wa zamani, rekodi kwa udi, fidla na sauti moja, lipa, na usaini na mtunzi, mwimbaji na wapigaji. Utagharimu pungufu ya safari za kutafuta ruhusa, na utakuwa wako hata ukitaka uimbwe tena mwishoni.

Sasa ukiikosa hela ya mzee, filamu imekufa? Hebu tuhesabu. Skripti ya dakika 90 ni kama kurasa 90. Kikosi kidogo kinachojituma kinamaliza kurasa tano kwa siku, kwa hiyo ni siku 18. Watu 12 kwa chakula na posho ya shilingi 20,000 kila mmoja ni 240,000 kwa siku, na kwa siku 18 ni milioni 4 na laki 3 na kitu, hujaweka taa, sauti, usafiri wala uhariri. Kwa milioni 3 filamu hiyo haiwezekani, na ukiilazimisha utaishia katikati. Lakini filamu ya dakika 25, nyumba moja, watu wawili na jirani, kikosi cha watu 6 kwa siku 6, chakula na posho ni 720,000. Zinabaki zaidi ya milioni 2 kwa sauti nzuri, taa mbili na mhariri. Miaka kumi ya binti uikate yote. Anza asubuhi anaposhuka basi, malizia jioni mlangoni. Nikwambie ukweli wa upande huo pia: filamu fupi karibu haina soko, na hiyo milioni 3 usiitegemee irudi. Utakachopata ni kazi iliyokamilika, ya kupeleka tamasha la filamu la ZIFF, Zanzibar, na kwingine, na ya kumwonesha mzee mwingine badala ya kumsimulia. Kwa mwongozaji wa kwanza hiyo si njia ya kushindwa. Kama ingekuwa uamuzi wangu peke yangu, bila hela ya mtu mezani, ningeanza na hiyo.

Hela ipo mezani lakini, na mzee ana nia njema, kwa hiyo nenda ukazungumze. Usiende peke yako. Nenda na mjomba wako au mtu mzima mwingine anayeheshimiana naye, kwa sababu kuna maneno ambayo rafiki wa baba yako hawezi kuyapokea kutoka mdomoni mwako hata ukiyapaka asali. Anza na unachompa: mtaji wake urudi kwanza, nusu ya faida, jina lake mwanzoni mwa filamu kama mtayarishaji mtendaji, duka lake, hesabu kila miezi mitatu, usaili kwa mpwa wake. Kisha sema unachobaki nacho: skripti, mhusika mkuu, mkato wa mwisho na picha. Hela iingie akaunti ya filamu peke yake, yenye sahihi mbili, wewe na mtu wake, na itoke kwa awamu kulingana na kazi iliyofanyika: kabla ya kuanza, katikati ya upigaji, na wakati wa uhariri. Awamu isifungwe na yeye kupendezwa na kilichopigwa. Hilo likiingia kwenye karatasi, kila kitu kingine ulichokilinda kimerudi mkononi mwake, maana atakushika ukiwa umeshatumia nusu ya hela na huwezi kurudi nyuma.

Mkishakubaliana kwa maneno, karatasi ipelekwe kwa wakili anayejua mambo ya hakimiliki kabla ya shilingi ya kwanza kutoka. Gharama yake iweke kwenye bajeti kama unavyoweka chakula. Kama huna kabisa, ulizia msaada wa kisheria kwenye vitivo vya sheria vya vyuo vikuu au ofisi za msaada wa sheria mkoani. Uende kwa wakili bila kuchelewa, hata mkiwa mmeelewana vizuri, kama utaona neno "haki zote" au "milele" kwenye karatasi, kama hela itaitwa mkopo, kama nyumba ya mama yako itatajwa kuwa dhamana, au kama karatasi iko kwa lugha usiyoisoma kwa ufasaha. Na pita Bodi ya Filamu mapema ujue taratibu za kibali cha kupiga picha na za kukaguliwa filamu kabla haijaoneshwa hadharani, ili usije ukaambiwa cha kurekebisha wakati huna tena hela ya kurekebisha.

Usaili wa mpwa ufanye kabla ya kusaini. Akifaa au asipofaa, mzee ajue wakati bado kila mtu anaweza kuondoka na chake.